Rimu za kaboni kwenye barabara zetu: maswali ninayoulizwa kila mara gerejini Nakuru

Kazi yangu ni tairi na rimu: kuvua, kuvisha, kubalansi, kunyoosha. Niko Nakuru, na wenye magari ya kasi wanaonijia wengi ni watu wa Subaru, Lancer Evolution na Golf GTI, pamoja na wachache wenye magari ambayo huyaoni barabarani kila siku. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, vijana wanaangalia rimu kwa jicho jingine kabisa, na swali la kaboni haliishi. Nimeyaandika majibu yangu hapa ili mtu ayasome kabla hajatuma pesa ng'ambo.

Rimu ya kaboni ni kitu gani hasa?

Ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu. Uzi mmoja una unene wa maikromita 5 hadi 7. Unywele wako ni mnene kuliko huo karibu mara kumi. Nyuzi hizo hukusanywa kwa maelfu kuwa utepe, tepe zikafumwa kuwa kitambaa, na kitambaa kikapangwa ndani ya kalibu tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekezwa upande wake. Kisha resini huingizwa kwa shinikizo na kitu kizima kikaokwa mpaka kikauka kabisa.

Mwelekeo wa nyuzi ndio kila kitu. Uzi wa kaboni ukivutwa kwa urefu wake una nguvu ya ajabu. Ukisukumwa kutoka ubavuni, mzigo unabebwa na resini, na resini peke yake ni dhaifu. Mhandisi anayejua gurudumu linavutwa wapi na kusukumwa wapi atazilaza nyuzi ipasavyo. Asiyejua atatoa kitu chenye sura ileile, na wewe kwa macho hutatofautisha.

Kuna zilizo kaboni tupu, kutoka pipa (ule mviringo unaobeba tairi) hadi mikono (spoki). Kuna za mseto, pipa la kaboni na mikono ya aloi iliyofuliwa, yaani iliyoundwa kwa kushindiliwa, zikafungwa pamoja kwa bolti. Dymag ya Uingereza ni mmoja wa watengenezaji wanaojulikana kwa hizo. Halafu kuna aloi ya kawaida iliyovikwa mchoro wa kaboni. Hiyo ya mwisho haina kaboni hata kidogo, na ukiiinua kwa mkono mmoja utajua.

Kwa nini mtu alipe pesa zote hizo?

Kwa sababu ya uzito, na hasa mahali uzito huo unapokaa. Gurudumu liko chini ya springi. Kila kilo iliyo huko hurushwa juu na kila tuta na kila kijishimo, na shokomzoba ndiyo inayohangaika kuituliza. Tena gurudumu linazunguka, kwa hiyo injini inalisukuma mbele na kulizungusha kwa wakati mmoja, na breki nazo zina kazi hiyohiyo mara mbili. Uzito ulio kwenye mdomo wa rimu, mbali na kitovu, ndio mgumu zaidi kuuzungusha.

Mfano mzuri ni Ford Mustang Shelby GT350R iliyotambulishwa mwaka 2015, ikiwa na rimu za kaboni tangu kiwandani, kazi ya Carbon Revolution ya Geelong, Australia. Rimu moja ina kilo 8 na kidogo, wakati ya aloi ya ukubwa huo ingekuwa na kilo 15. Ugumu wa kuizungusha ulishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Koenigsegg wa Uswidi walikuwa wamezitangulia kwenye Agera R, ila magari yao huhesabika kwa vidole. Baadaye zikaja kwenye Ford GT na Ferrari 488 Pista, kisha Corvette Z06 ya mwaka 2023, ambako seti nzima inapunguza kilo 18 hivi. Porsche nao mwaka 2017 walitoa rimu za nyuzi zilizosukwa kwa ajili ya 911 Turbo S Exclusive Series, na mashine ya kuzisuka ina kipenyo cha mita 9.

Dereva atahisi usukani unajibu upesi na tairi linaifuata lami badala ya kurukaruka juu yake. Ila nitasema ukweli wangu: anayetoka Nakuru kwenda Gilgil kwa mwendo halali hatapata kwenye kaboni kitu kikubwa ambacho matairi mazuri na shokomzoba mpya hazingempa.

Hazivunjiki kama kioo?

Hapana, na dhana hii nimeichoka. Kampuni kubwa ya magari haiuzi gari na rimu kabla rimu hizo hazijateswa. Huzungushwa zikiwa zimepindishwa kama ziko kwenye kona, usiku na mchana, mamilioni ya mizunguko. Hukandamizwa kwa uzito unaopita ule wa gari. Hulazwa kwa pembe ya digrii 13 na kuangushiwa chuma mdomoni, jaribio linalojulikana duniani kwa namba ISO 7141. Za aftamaketi, zile unazonunua mwenyewe baada ya gari kutoka kiwandani, nazo zina viwango vyake: Marekani kuna SAE J2530 kwa rimu za kawaida na SAE J3204 kwa rimu za nyuzi na resini. Ford walizigongesha za GT350R kwenye ukingo wa barabara kabla ya kuziuza.

Lakini kuna tofauti moja ambayo lazima uielewe, maana ndiyo inayobeba ukurasa huu wote.

Aloi ikipigwa sana hujikunja. Unaiona. Usukani unatetemeka, hewa inapungua kidogo kidogo, unaileta kwangu, naiweka kwenye mashine na wote wawili tunaangalia mdomo unavyocheza. Chuma kimekupa taarifa kwa kubadilika umbo. Kaboni haijui kujikunja na kubaki imejikunja. Ikipigwa, hunepa kidogo na kurudi ilivyokuwa, na hapo pengine hakuna kilichoharibika kabisa. Au tabaka zimeachana ndani, sehemu yenye ukubwa wa sarafu moja ya shilingi, na nje vanishi bado inang'aa. Rimu ni mviringo kamili, inabalansi vizuri, na ina jeraha. Ukiipiga tena palepale, jeraha linapanuka.

Kwa hiyo swali la nguvu lilishajibiwa zamani: rimu nzuri ya kaboni inaweza kuvumilia pigo ambalo aloi ya kusubu haitalivumilia. Tena aloi ya kusubu ya bei rahisi, ile iliyomiminwa ikiwa uji na kuachwa na vipovu ndani, nayo hupasuka bila kujikunja. Nimezitoa nyingi zenye ufa nyuma ya mkono, mahali ambapo mwenye gari hafikishi macho. Linalobaki ni nani ataiangalia rimu yako baada ya pigo, na kwa chombo gani.

Nikiingia kwenye shimo kubwa usiku, itakuwaje?

Tuanze na tairi, maana linagonga kabla ya rimu. Chukua Forester yenye tairi la 225/55 inchi 17. Ukuta wa tairi ni asilimia 55 ya milimita 225, yaani milimita 124 hivi. Sasa chukua Corvette Z06: mbele ni 275/30, ukuta wa milimita 82, nyuma ni 345/25, ukuta wa milimita 86. Ule mto wa hewa kati ya rimu na ukingo wa shimo umepungua kwa theluthi moja, na gari linakwenda kwa kasi kubwa zaidi. Magari yanayokuja na kaboni karibu yote yana ukuta mfupi namna hii. Lawama nyingi zinazopelekwa kwa kaboni, mwenye kosa ni ukuta wa tairi.

Pigo likizidi, mara nyingi nyuzi hukatika sehemu na kubaki zimeshikana, hewa ikatoka, gari likazama upande mmoja. Kupasuka vipande vipande kunahitaji pigo kubwa sana, au rimu ambayo tayari ilikuwa na jeraha. Shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki kwa nguvu, acha gari lipungue lenyewe hadi kando.

Na hata kama hewa haikutoka, ulisikia lile pigo. Mlio wa rimu kugonga ukingo wa lami haufanani na mlio wa tairi. Ukiusikia, usiendelee na safari ya kasi siku hiyo. Nenda pole hadi mahali rimu inaweza kuvuliwa tairi na kuangaliwa ndani. Sisemi hivi kwa ajili ya biashara yangu, peleka popote.

Kuna na suala la presha. Wengi hushusha hewa ili gari liwe laini kwenye matuta. Kwa ukuta mfupi, kushusha hewa ni kuiondolea rimu ngao yake pekee. Fuata presha iliyoandikwa kwenye mlango, na uipime asubuhi tairi likiwa baridi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za hapa zina baridi. Aliyejaza hewa Mombasa mchana akalala hapa aipime upya.

Na joto la breki? Resini si itayeyuka?

Swali la maana, na wanaoliuliza ni wachache kuliko wanaouliza kuhusu mashimo. Resini ya aina hii haiyeyuki, ila ikipita joto fulani hulegea, na rimu iliyolegea haina nguvu iliyopimiwa. Joto hilo hutegemea resini: za kawaida hulegea mapema, zilizoundwa kwa kazi ya magurudumu huvumilia zaidi. Diski za breki za GT350R kwenye uwanja wa mashindano zilipita sentigredi 900. Ford na Carbon Revolution walilazimika kuupaka upande wa ndani wa rimu tabaka jembamba la seramiki, likinyunyizwa kwa moto wa plazma, ufundi uliokwisha kutumika kukinga sehemu za injini za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani.

Hapa kwetu fikiria mteremko kutoka Mau Summit, upite Sachangwan, uteremke Salgaa nyuma ya lori linalonuka breki. Dereva wa gari jepesi lenye giaboksi ya otomatiki hukanyaga breki njia nzima. Tumia gia ya chini, injini ikuzuie. Ukifika chini, usisimame ghafla na kuzima gari hapo hapo, maana gurudumu lililosimama halipati upepo na joto lote la diski hupanda kwenye rimu. Endesha kilomita mbili tatu bila kugusa breki kwanza.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kukimbia rimu za bei rahisi. Mtengenezaji mzuri atakuambia rimu yake inavumilia joto gani na imekingwa vipi. Ukimuuliza muuzaji akakujibu kuhusu rangi, funga mazungumzo.

Jua, mvua na vumbi je?

Jua hula resini, halili kaboni. Vanishi ya juu ina dawa ya kuzuia miale, kwa hiyo vanishi ikichunika usiiache hivyo. Maji hayana shida kubwa, isipokuwa pale kaboni inapogusana na aloi au chuma: kukiwa na unyevu, chuma ndicho huliwa. Ndiyo maana matundu ya bolti na kitovu hutiwa vikombe vya chuma vilivyotengwa na kaboni. Ukiona unga mweupe umejitokeza kuzunguka vikombe hivyo, onyesha fundi.

Car wash nyingi zina kemikali kali ya kung'arishia rimu. Usikubali. Maji, sabuni laini ya kuoshea gari na sponji safi zinatosha. Vumbi la barabara za kwenda Bahati au Elementaita ni kama msasa ukilisugua likiwa kavu, kwa hiyo limwagie maji kwanza.

Nimepata seti ya mtumba kutoka ng'ambo, bei nusu. Ninunue?

Usinunue. Jibu langu halibadiliki hata picha ziwe nzuri namna gani.

Kwa aloi ya mtumba nina njia: naizungusha kwenye mashine, naiona inavyocheza, naipaka dawa ya kuonyesha nyufa, naikubali au naikataa. Kwa kaboni ya mtumba, kile unachotaka kukijua kiko ndani ya ukuta wa rimu. Huyo aliyeiuza, kwa nini aliiuza? Pengine aliuza gari. Pengine alipanda ukingo wa barabara kwa nguvu na kampuni ya bima ikalipa seti mpya, hii ikapakwa vanishi na kuwekwa mtandaoni. Seti mpya ya Corvette Z06 ilipotoka ilikuwa chaguo la karibu dola 10,000 hadi 12,000 juu ya bei ya gari, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.2, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Mtu akikuuzia kwa nusu, jua kilichopungua si bei peke yake.

Kama lazima ununue, nunua ile yenye namba ya utambulisho kwenye pipa, uliza mtengenezaji kama namba hiyo ni yake, na utake karatasi ya ukaguzi wa mawimbi ya sauti uliofanywa karibuni. Ikikosekana moja kati ya hayo, acha.

Nitajuaje kama rimu yangu ina ufa wa ndani?

Kuna njia za nyumbani na za kitaalamu. Nyumbani: osha, kausha, chukua tochi uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya uso, utafute mstari, kijivimbe, au doa jeupe kama maziwa chini ya vanishi. Zungusha ukiangalia ndani ya pipa pia, na hapo ndipo watu husahau. Kisha chukua sarafu uigonge taratibu hatua kwa hatua. Sehemu nzima hutoa mlio mkali mfupi. Sehemu iliyoachana tabaka hutoa mlio mzito uliokufa, kama kugonga nazi mbovu. Mafundi wa ndege hutumia ujanja huohuo, si ushirikina.

Sarafu hata hivyo haioni kila kitu. Pale ambapo ukuta ni mnene, au karibu na vikombe vya chuma, mlio hubadilika hata kwenye rimu nzima. Ukaguzi wa kweli ni wa mawimbi ya sauti au picha za joto, kazi ya watu wa karakana za ndege. Kutoka Nakuru hiyo ni safari ya Nairobi. Weka gharama hiyo kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Tazama pia dalili za barabarani: hewa inayopungua bila msumari wowote, au mtetemo uliozuka baada ya pigo.

Ikipasuka, inaweza kutengenezwa?

Mkwaruzo wa vanishi, ndiyo. Ufa wa nyuzi, hapana. Tupa.

Najua tumezoea kwamba kila kitu hutengenezeka. Aloi iliyokunjika naipasha moto na kuinyoosha. Iliyopasuka wapo wanaoichomelea, na mimi siwashauri. Kwa kaboni kuna watakaokuambia watabandika kitambaa na resini juu. Kiraka hicho hakiungani na nyuzi zilizokatika chini yake. Kinafunika tu, na safari ijayo hutauona ufa ukitembea. Ukishaitoa kazini, ikate kwa msumeno ili asije mtu mwingine akaiokota na kuiuza. Nimeona rimu za aloi nilizozikataa zikirudi kwenye gari la mtu mwingine, na hilo lilinifundisha kuzikata.

Fundi wangu wa tairi hajawahi kuzigusa. Nimwambie nini?

Mwambie yote haya kabla hajashika jeki, kwa heshima, na usione haya kusimama hapo mpaka amalize. Fundi mzuri hatakasirika.

Jembe la mashine linalobambua tairi lisiguse mdomo wa rimu. Hapo ndipo kaboni nyingi huumia: hazikuingia shimoni wala kupanda ukingo, ziliumia gerejini. Mashine iishike rimu kutoka kitovuni, isiibane mdomoni, na kichwa chake kiwe cha plastiki. Vyuma vya kupenyezea tairi kwa mkono visionekane kabisa. Sabuni ya kulainisha iwe nyingi.

Risasi za kubalansi ziwe za kubandika, ndani ya pipa. Zile za kugongomea mdomoni kwa nyundo hapana, hata moja.

Kabla ya kuifunga, uso wa habu, pale rimu inapokaa kwenye gari, usafishwe. Kipande cha kutu au changarawe kati ya habu na kitovu hufanya rimu iegemee upande mmoja, na kitu kigumu kisichojikunja hakipendi kuegemea upande mmoja. Nati ziwe zile zilizokuja na rimu, maana mteremko wa nati lazima ulingane na kikombe chake. Zianzwe kwa mkono. Zikazwe kwa mtindo wa nyota, kidogo kidogo, na hatua ya mwisho iwe kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Bunduki ya hewa ibaki ukutani. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena kwa kipimo kilekile.

Nina sababu ya kulikazania hili la bunduki. Zamani nikiwa kibarua katika gereji moja, tulifunga rimu za mseto za mteja kwa bunduki, kama tulivyofunga kila kitu. Kikombe kimoja kilizunguka ndani ya kiti chake. Mteja yule alirudi siku ya tatu akisema anasikia mlio kwenye kona za Njoro. Alibahatika kurudi. Tangu siku ile spana ya kupimia naiweka mfukoni mwa ovaroli yangu, si kwenye kabati.

Mbona Formula 1 na Safari Rally hawazitumii, kama ni nzuri hivyo?

Formula 1 hawazitumii kwa sababu kanuni zinawataka watumie rimu za magnesi. Ni sheria ya mchezo, haitokani na udhaifu wa kaboni. Gari lenyewe limejengwa kwa kaboni karibu lote.

Rally ni habari nyingine, na mtu wa Nakuru anaielewa bila kuelezwa. Aliyewahi kusimama Soysambu au Sleeping Warrior akaona magari yakipita kwenye vumbi lililoficha mawe anajua rimu inapigwa kila dakika. Hapo wanatumia aloi ya inchi 15, nene, na tairi lenye ukuta mrefu, na mara nyingi wanabeba magurudumu mawili ya akiba. Dereva wa rally anataka rimu itakayokunjika na kuendelea kumfikisha mwisho wa hatua. Lami laini na changarawe zinataka vitu tofauti.

Sheria za Kenya zinasemaje?

Rimu lazima ifae gari: ukubwa, upana, uzito inaobeba. Mkaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, akiona tairi limetokeza nje ya bodi au rimu ina ufa, ana haki ya kukukatalia. Kwa gari zima linaloingia nchini kuna kiwango cha KS 1515, umri usiozidi miaka 8, na usukani wa kulia. Ndiyo maana GT350R, iliyotengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, huwezi kuisajili hapa kama gari la binafsi.

Bima: mjulishe mwenye bima kwa maandishi kwamba umebadilisha rimu, na bei yake. Usingoje ajali ndiyo wajue.

Pikipiki je?

Za pikipiki kubwa zimekuwepo kwa miaka, na Afrika ina jina hapo: BST wa Afrika Kusini wanaziuza dunia nzima. Tahadhari zote za hapo juu ni zilezile, tena zaidi, kwa kuwa una magurudumu mawili tu.

Nina Subaru STI. Unanishauri nini hasa?

Aloi iliyofuliwa. Chuma kilichofuliwa kwa shinikizo hakina vipovu vya kusubu, kwa hiyo ni chembamba, chepesi na kigumu, na kikipigwa kupita kiasi kinajikunja ukaona. Utapata sehemu kubwa ya upungufu wa uzito kwa sehemu ndogo ya bei. Tafuta alama ya JWL pamoja na VIA, za kiwango na ukaguzi, kwenye rimu za Kijapani, na uangalie uzito ambao rimu moja inaweza kubeba, uliochongwa nyuma ya mkono. Pima pia matundu: STI za kuanzia 2005 zina 5 kwa 114.3 (matundu matano kwenye duara la milimita 114.3), WRX nyingi za kabla ya 2015 zina 5 kwa 100, na wapo waliokwisha kulipia seti isiyoingia.

Usipande zaidi ya inchi 18. Kama gari linaenda Kericho na Kisumu kila wiki, inchi 17 ni bora zaidi. Pesa itakayobaki nunua matairi mapya manne ya aina moja.

Kaboni nitakushauri ikiwa gari lako lilikuja nayo kiwandani, au ikiwa una gari la kukimbiza kwenye uwanja na jingine la kwenda sokoni.

Zinadumu miaka mingapi?

Kaboni haichoki upesi kama aluminiamu inavyochoka kwa kupindwapindwa. Isiyopigwa, iliyofungwa vizuri, inaweza kulipita gari lenyewe umri. Fuata ukomo wa mtengenezaji ikiwa ameuandika, ikague kila unapobadilisha matairi, na uanze kuhesabu upya baada ya kila pigo.

Gari langu halikuja na spea. Nikiwa na rimu za kaboni nifanye nini?

Mengi ya magari haya huja na kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo hufaa tundu la msumari. Rimu ikiwa imepasuka, usiitumie: itavuja yote na itaficha ufa kwa utomvu, na anayekagua kesho atahangaika. Kwa safari ndefu, tafuta rimu moja ya aloi isiyogusa kaliba za breki zako, maana kaliba kubwa hazikubali rimu yoyote ndogo. Ijaribishe mbele na nyuma ukiwa nyumbani mchana, pamoja na nati zake zenyewe, kwa sababu nati za kaboni huenda zisiikae. Nati hizo za aloi ziweke kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na spana, chini ya kiti cha abiria, mahali utakapozifikia gizani bila kushusha mizigo.